Polisi Wakibisha Hodi Bila Hati: Mwongozo Kamili wa Kulinda Makao Yako Lubumbashi

Wakaaji wengi wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba wanajua kwamba nyumba ya mtu haiingiwi ovyo, na baadhi yao wanaitaja hata ibara ya Katiba inayosema hivyo. Hata hivyo, polisi wanapogonga geti, ujuzi huo unapotea na watu wanarudia makosa mawili yaleyale. La kwanza ni kusema kwa woga, "Ingieni tu mutazame, mimi sina cha kuficha," maneno ambayo kisheria ni ridhaa kamili na yanawapa polisi kile ambacho hawakuwa nacho. La pili ni kukasirika, kumsukuma askari au kumfungia mlango kwa nguvu, jambo linaloweza kumgeuza mwenye nyumba kuwa mshtakiwa.

Mwongozo huu unafundisha njia iliyo katikati: kukataa kwa maneno, kutozuia kwa mwili, na kuhakikisha kwamba kukataa huko kumeandikwa mahali fulani. Unahusu Polisi ya Taifa ya Kongo (PNC) katika shughuli zake za kawaida za upelelezi mjini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

Maandalizi haya hayagharimu pesa nyingi, lakini hayawezi kufanywa wakati askari tayari wako uani.

- Kitambulisho chako, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura, pamoja na karatasi inayoonyesha kwamba unakaa hapo kihalali, yaani mkataba wa kupanga au hati ya parseli. Weka nakala kwa ndugu anayekaa kwingine.
- Daftari na kalamu, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Simu inaweza kunyang'anywa au kuishiwa moto, ilhali ukurasa uliochanwa na kukunjwa unabaki mfukoni.
- Namba za simu za watu wanne: wakili, shefu wa kartie, jirani anayeaminika, na ndugu asiyekaa katika parseli yako. Ziandike pia kwenye karatasi.
- Picha za mali yenye thamani, kama vile televisheni, jenereta na kompyuta, pamoja na fakture zake na namba za mfululizo zilizobandikwa nyuma ya vifaa. Vifaa vikichukuliwa, namba hizo ndizo zitakazothibitisha kwamba ni vyako.
- Makubaliano ya nyumbani kuhusu nani anazungumza na polisi na nani anaandika. Watoto na mtumishi wa nyumba waelezwe mapema kwamba hawana mamlaka ya kumkaribisha yeyote ndani, na kwamba jibu lao ni moja tu: "Ngojeni nimuite mkubwa."

Kama huna pesa za wakili, mabaraza ya mawakili yana ofisi za ushauri wa bure zinazojulikana kama BCG. Nenda uulizie ya baraza la Haut-Katanga siku ya utulivu, ukapate jina na namba. Mtu anayeanza kumtafuta wakili ndugu yake akiwa tayari kashoni, yaani katika selo ya polisi, hupoteza saa ambazo zina thamani kubwa, kama utakavyoona katika hatua ya nane.

## Hatua ya 1: Jua aliye nje kabla ya kufungua

Zungumza kupitia geti au dirisha. Uliza jina, cheo, na kituo wanachotoka, yaani siati au susiati gani. Kisha uliza ni nani kati yao aliye OPJ, ofisa wa polisi ya mahakama.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu si kila mwenye sare ana mamlaka ya kupeleleza. OPJ ndiye anayesimamia upelelezi na kuandika taarifa, naye hufanya kazi hiyo chini ya uongozi wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Askari wa doria anaweza kumsindikiza, lakini hawezi kujipa kazi ya kupekua makabati yako.

Kuna sababu ya pili, ambayo hakuna mkaaji wa mji huu anayehitaji kufafanuliwa: wezi wa usiku nao huvaa sare. Ukiwa na shaka, mpigie shefu wa kartie au jirani, umuombe aje. Polisi wa kweli hawapotezi chochote wakisubiri mtu huyo afike, na akifika umepata shahidi.

Tahadhari: usizime taa ukajifanya haupo huku wakikusikia. Kunyamaza si kosa, lakini kujificha huwapa sababu ya kudai kwamba kuna mtu anakimbia.

Umefaulu ikiwa una jina, cheo na kituo cha mtu angalau mmoja kwenye daftari, na geti bado limefungwa.

## Hatua ya 2: Uliza wamekuja kwa msingi gani

Ibara ya 29 ya Katiba ya 18 Februari 2006 inasema kwamba makao hayavunjwi heshima yake, na kwamba ziara au upekuzi unaweza kufanywa tu kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria. Masharti hayo yamo hasa katika Kanuni ya utaratibu wa kesi za jinai, dekreti ya 6 Agosti 1959, na kwa matumizi ya mlangoni yanaacha njia tatu tu za kuingia:

1. hati ya upekuzi iliyotolewa na parke;
2. ridhaa ya mtu ambaye mahali hapo pako chini ya mamlaka yake;
3. kosa la papo kwa papo, ambalo OPJ wenyewe huliita flagransi.

Uliza kwa upole: "Komanda, mumekuja na hati ya parke, ao kuna kosa la flagransi?" Usiitaje ridhaa katika swali lako. Ukiitaja, unawakumbusha njia iliyo rahisi kwao kuliko zote.

Majibu kama "tumetumwa na wakubwa", "kuna malalamiko juu yako" au "ni oparesheni ya usalama" hayamo kati ya njia hizo tatu. Hata buklaji, ule msako unaozingira mitaa mizima alfajiri, unaweza kuwafanya wakuulize kitambulisho barabarani, lakini kuzingirwa kwa avenyu si hati ya kufungua kila chumba kilichomo.

Wapangaji wasikilize hapa kwa makini. Katika parseli zetu nyingi mwenye kiwanja anakaa mbele na wapangaji wanne au watano wanakaa nyuma. Ridhaa ya mwenye kiwanja haifungui chumba unachokilipia wewe. Kanuni ya adhabu, katika kifungu cha 69, inalinda nyumba, chumba au makao yanayokaliwa na mtu mwingine pamoja na sehemu zinazoambatana nayo. Kinachotazamwa ni nani anayekaa humo, si nani mwenye hati ya ardhi.

## Hatua ya 3: Soma karatasi mpaka mwisho

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu karatasi yenye muhuri inatisha hata kabla ya kusomwa. Omba uisome mwenyewe. Kama hujui Kifaransa, omba isomwe kwa sauti mbele ya jirani anayekijua, na usione haya kufanya hivyo: Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika ibara ya 1 ya Katiba, na polisi wa Lubumbashi wanakisema kutwa nzima.

Karatasi zinazoletwa nyumbani ni za aina mbalimbali, na nyingi hazihusu nyumba yako hata kidogo.

Konvokasio inakuita ufike mahali fulani siku fulani. Haimpi aliyeileta ruhusa ya kuvuka kizingiti. Ipokee, andika tarehe na saa uliyoipokea, kisha mpigie wakili.

Hati ya kumleta mtu, inayojulikana kama manda damene, inamhusu mtu aliyetajwa kwa jina, na inaruhusu apelekwe kwa nguvu mbele ya mwendesha mashtaka. Si karatasi ya kufungua masanduku, kuinua magodoro wala kuchukua simu za watu wengine wa nyumba. Kama aliyetajwa ni wewe, toka nje uende nao, na useme wazi kwamba hukuruhusu upekuzi.

Hati ya upekuzi, yaani manda ya perkizisio, ndiyo pekee inayotaja kupekua. Ikague hivi:

- Imetolewa na nani? Inapaswa kutoka kwa mwendesha mashtaka wa parke, au auditora ya kijeshi, yaani parke ya wanajeshi na polisi, ikiwa kesi ni ya mahakama za kijeshi. Komanda wa siati hatoi hati ya upekuzi, hata muhuri wake uwe mwekundu kiasi gani.
- Ina saini, muhuri, tarehe na namba ya faili? Faili za parke hubeba namba inayoanza na herufi RMP. Iandike, kwa kuwa wakili wako ataihitaji kesho yake.
- Inataja mtu gani, anwani gani na kosa gani? Hati ya parseli namba 14 haifungui namba 41, na jina la kaka yako aliyehamia Kolwezi si jina lako.
- Ni OPJ gani aliyekabidhiwa kuitekeleza? Linganisha na jina ulilopewa katika hatua ya 1.

Hati ikiwa sawa, fungua. Kubishana na hati halali ni kujitafutia matatizo, na hutapata hakimu wa kukutetea. Ruka hatua mbili zinazofuata.

Tahadhari: picha ya hati kwenye WhatsApp ya askari haitoshi kukufanya ufungue. Omba uione karatasi yenyewe.

## Hatua ya 4: Pima dai la flagransi

Wasipokuwa na karatasi, neno utakalosikia mara nyingi ni hilo. Ni neno lenye mipaka, na mipaka hiyo imeandikwa katika ordonansi-sheria namba 78-001 ya 24 Februari 1978. Kosa ni la papo kwa papo linapotendeka sasa hivi au limetoka tu kutendeka. Linahesabiwa kuwa hivyo pia mtu anapokimbizwa na kelele za umma, au anapokutwa na vitu, silaha, vyombo au karatasi zinazoonyesha kwamba ndiye mtendaji au mshirika, mradi iwe karibu na wakati wa kosa lenyewe.

Kwa hiyo, kijana aliyepora simu sokoni Kenya akakimbilia uani kwako huku watu wakipiga kelele nyuma yake anawaletea polisi haki ya kuingia bila hati na bila ridhaa yako. Vivyo hivyo kilio cha mwanamke anayepigwa ndani ya nyumba usiku. Katika hali hizo usizuie chochote. Sheria inamtaka OPJ aiarifu parke mara moja, na una haki ya kuuliza, baada ya utulivu kurudi, kama amefanya hivyo.

Lakini simu iliyoibwa wiki iliyopita si flagransi. Jirani anayesema kwamba "alisikia" kuwa unauza vitu vya wizi si flagransi. Na deni, hata likiwa kubwa namna gani, si kosa la jinai hata kidogo. Hili la deni nalirudia kwa sababu linawaumiza wengi: mtu anayekudai anakwenda siati, deni linabatizwa kuwa wizi wa kuaminiwa au utapeli, na asubuhi askari wanakuja kubeba friji yako kama rehani. Polisi si wakusanyaji wa madeni. Mali ya mdaiwa hukamatwa na wisye, yaani ofisa anayetekeleza hukumu za mahakama, kwa kufuata utaratibu wa mahakama, si na askari aliyekuja na mdai ndani ya teksi moja.

Swali la kuuliza ni fupi: "Kosa lenyewe ni gani, limetendeka saa ngapi, na nani ameliona?" Andika jibu neno kwa neno. Polisi mwenye flagransi ya kweli atajibu kwa sekunde chache, kwa kuwa kila kitu kimetokea muda si mrefu. Anayeanza kueleza habari ya mwezi uliopita amejijibu mwenyewe kwamba alipaswa kupitia parke kwanza.

## Hatua ya 5: Kataa kwa maneno, usizuie kwa mwili

Ikiwa hakuna hati na hakuna flagransi, kilichobaki kuwapa njia ya kuingia ni wewe mwenyewe. Simama nje ya mlango wa nyumba, mikono ionekane, sauti iwe ya chini, na useme maneno haya au yanayofanana nayo:

"Komanda, ninawaheshimu na siwazuii kwa nguvu. Lakini sikubali mupekue nyumba yangu bila hati ya parke, kufuatana na ibara ya 29 ya Katiba. Mukileta hati, nitafungua."

Kila sehemu ya maneno hayo ina kazi yake. "Siwazuii kwa nguvu" inakukinga na shtaka la uasi, ambalo kifungu cha 133 cha Kanuni ya adhabu kinalieleza kuwa ni shambulio au upinzani wa mabavu au vitisho dhidi ya wenye mamlaka. "Sikubali" inaifunga njia ya ridhaa, na inafaa isemwe kwa sauti inayofika kwa jirani. "Mukileta hati nitafungua" inaonyesha kwamba hukatai sheria bali unaiomba.

Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kuendelea kuongea, wakajikuta wanasema, "Basi tazameni chumba cha mbele tu." Ridhaa ya chumba kimoja itaandikwa katika taarifa kama ridhaa ya nyumba nzima, nawe utatumia mwaka kueleza tofauti.

Unaweza kusikia vitisho, na vingine ni vya kawaida sana hapa mjini. "Kama huna cha kuficha, kwa nini unakataa?" ni swali lisilohitaji kujibiwa. "Toa pesa ya transpo tuondoke" ni mtego pande zote mbili: kutoa ni hongo, na aliyepewa leo atarudi mwisho wa mwezi. "Tutavunja" ni tishio la kweli, na wakilitekeleza, usisimame katikati. Sogea kando, rudia mara moja tu kwamba hukukubali, na uanze kuandika. Mlango unaweza kutengenezwa na haki inaweza kudaiwa baadaye. Mbavu zilizovunjwa na kitako cha bunduki ni jambo jingine.

Kuhusu kurekodi kwa simu, maoni yangu ni kwamba kunawafaa zaidi majirani walio mbali kidogo kuliko mwenye nyumba aliye uso kwa uso na askari. Simu iliyoinuliwa karibu na uso wa mtu mwenye silaha huwasha moto ambao daftari haliwashi.

Umefaulu ikiwa umesema "sikubali" mbele ya shahidi angalau mmoja na hukumgusa askari yeyote. Hata wakiingia, hatua hii haijashindwa, kwani sasa wanaingia bila ridhaa na wewe unaweza kuthibitisha hivyo.

## Hatua ya 6: Tazama saa

Andika saa waliyofika. Sheria hairuhusu kuja kupekua makao kabla ya saa 11 alfajiri wala baada ya saa 3 usiku, isipokuwa kwa idhini ya hakimu. Hati halali ya parke iliyoletwa saa 7 usiku bila idhini hiyo ina kasoro, na unaweza kusema: "Hati nimeiona, lakini saa ya sheria imepita. Naomba murudi alfajiri." Andika pia saa waliyoondoka.

## Hatua ya 7: Wakiwa ndani, fuatana nao

Iwe wameingia kwa hati, kwa flagransi au kwa mabavu, kazi yako sasa ni kuona. Upekuzi unapaswa kufanyika mbele ya mshukiwa na mbele ya mtu ambaye makao ni yake, isipokuwa kama hawapo au wamekataa kuhudhuria. Kwa hiyo usikubali kuketishwa sebuleni wakati askari watatu wanapekua vyumba vitatu kwa wakati mmoja. Omba waende chumba kimoja kimoja, na wewe au mtu wako awepo katika kila chumba. Ombi hilo si la kiburi: linawalinda nao wasije wakashtakiwa kwamba waliiba, nalo linakulinda wewe usije ukaambiwa kwamba kifurushi fulani kimekutwa chini ya kitanda chako.

Fedha na vito vitoe mwenyewe mahali vilipo, uvihesabu kwa sauti mbele ya OPJ, na umpe mtu mmoja wa nyumba avishike mkononi.

OPJ ana haki ya kukamata vitu vinavyoweza kuthibitisha kosa au kumwondolea mtu lawama. Lakini kila kitu kinachokamatwa lazima kionyeshwe kwa aliyekuwa nacho, akitambue, na ikiwezekana akitie alama ya saini yake. Taarifa ya ukamataji, yaani PV ya sezi, inapaswa kukieleza kitu hicho. "Simu moja" hayo si maelezo; sema waandike aina, rangi, na tarakimu za IMEI unazozipata kwa kubonyeza *#06#. "Fedha kadhaa" hayo pia si maelezo. Sema waandike kiasi na aina ya noti, faranga au dola.

## Hatua ya 8: Soma PV kabla ya kutia saini

PV itaandikwa kwa Kifaransa, kwa kalamu, mara nyingi juu ya paja la OPJ, na utaambiwa utie saini haraka kwa sababu gari linasubiri. Usifanye haraka. Omba utafsiriwe mstari kwa mstari.

Tafuta hasa neno "consentement". Likiwepo, taarifa inasema kwamba uliruhusu upekuzi. Kama hukuruhusu, omba lifutwe. Wakikataa, una njia mbili. Unaweza kuandika kando ya saini yako, kwa mkono wako, "Sikukubali upekuzi huu", ukaweka tarehe na saa. Au unaweza kukataa kutia saini kabisa, na hapo OPJ anapaswa kutaja katika PV sababu ya saini yako kukosekana. Mimi napendelea njia ya kwanza, kwa sababu mwandiko wako mwenyewe unabaki ndani ya faili kila linapokwenda, ilhali sababu ya kukataa itaandikwa kwa maneno ya mtu mwingine.

Wakimchukua mtu, kuna mambo matatu ya kuyashika. Ibara ya 18 ya Katiba inataka aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na familia au wakili wake. Ibara hiyohiyo inasema kuwekwa kizuizini na polisi hakuwezi kupita saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama yenye uwezo. Ndiyo maana saa ya kuondoka kwao lazima iwe kwenye daftari.

La tatu ndilo linalovunjwa zaidi. Wanapomkosa mume, wanamchukua mke; wanapomkosa kaka, wanambeba mdogo wake "mpaka mkubwa ajitokeze". Ibara ya 17 inakataza waziwazi: jukumu la jinai ni la mtu binafsi, na hakuna awezaye kufuatwa, kukamatwa au kufungwa kwa tendo la mwingine. Litaje kwa sauti, waambie ni ibara ya 17, na umwite wakili kabla gari halijafika siati.

## Hatua ya 9: Fanya kazi ya siku inayofuata

Usiku uleule, kabla ya kulala, kila mtu aliyekuwepo aandike alichoona, bila kusomeana. Maelezo yaliyoandikwa kwa pamoja hufanana mno na hudharauliwa. Piga picha za kitasa kilichovunjwa, milango na vitu vilivyotawanywa kabla ya kupanga. Kama kuna aliyepigwa, aende hospitali apate cheti cha daktari siku hiyohiyo.

Kisha chagua mahali pa kupeleka malalamiko. Watu wengi hurudi siati ileile iliyowatuma askari, wakashangaa kwamba jalada halisogei. Anwani sahihi hutegemea unachotaka.

Kama unataka vitu virudi au ndugu aachiliwe, nenda parke kwa sababu ndiyo inayosimamia kazi za OPJ. Peleka barua fupi yenye jina la OPJ, tarehe, saa, na namba ya RMP kama ipo.

Kama unataka askari ashtakiwe, parke ya kiraia itakurudisha, kwa sababu ibara ya 156 ya Katiba inaweka makosa ya wanajeshi na polisi chini ya mahakama za kijeshi. Malalamiko hayo hupelekwa auditora ya kijeshi. Ndani yake taja vifungu viwili vya Kanuni ya adhabu. Kifungu cha 69 kinamwadhibu anayeingia kwenye makao ya wengine kwa vitisho, mabavu, kuvunja, kupanda ukuta au kutumia funguo bandia, bila amri ya mamlaka na nje ya hali zinazoruhusiwa na sheria, kwa kifungo cha siku 8 hadi miaka 2. Kifungu cha 180 kinahusu tendo la kiholela linalovunja haki za raia likitendwa na mtumishi wa umma au mwenye dola, na adhabu yake ni kifungo cha siku 15 hadi mwaka 1.

Kama unataka nidhamu ya kazi bila kesi, andika kwa Ukaguzi Mkuu wa Polisi, na nakala kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu (CNDH). Njia hii haimfungi mtu, lakini huweka jina la askari mahali ambapo wakubwa wake watalisoma.

Ikiwa umeshtakiwa kwa kutumia vitu vilivyokutwa katika upekuzi usiofuata sheria, usingoje mwisho wa kesi kulitaja jambo hilo. Mpe wakili daftari lako tangu siku ya kwanza ili aombe mahakama isivitegemee vitu hivyo.

Kila barua iwe na nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na jina la karani, nawe uondoke nayo mkononi. Karani akisema muhuri haupo leo, keti barazani umngojee anayeushika.